Si 'mwenye nguvu mpishe': Fulu wa Ziwa Victoria wanatufunza nini kuhusu mageuko

Jumapili moja tulikuwa kwa kibanda cha mama mmoja mtaani kwetu Nairobi. Ugali umefika, omena wa kukaanga wamefika, na mjadala pia umefika. Jamaa mmoja niliyesoma naye alikuwa akitueleza kwa nini maisha yanawanyookea watu wengine na wengine yanawachapa.

"Buda, hata sayansi ilishasema," akaanza, tonge mkononi. "Mwenye nguvu mpishe. Wanyonge wanaisha, wakali wanabaki. Hiyo ndiyo mageuko."

Hakunitaja, lakini macho yalitua kwangu. Mimi ndiye niliyeacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Kwenye ile benchi kila mtu alijua mnyonge ni nani.

Sikuwa na jibu siku hiyo. Kusema kweli, nami niliamini hivyo hivyo. Biolojia ya kidato cha nne niliikariri ya mtihani tu: Darwin, shingo ya twiga, imeisha hiyo.

Wiki chache baadaye nikaenda kumwona dani, yaani nyanya yangu, kijijini kando ya ziwa upande wa Kisumu. Jioni wavuvi walipotia nanga, chini ya mashua kulikuwa na visamaki vichache vya urefu wa kidole ambavyo hakuna aliyevitaka. Watoto wakavigombania.

"Hawa ni fulu, nyakwara," dani akaniambia. "Sisi tukiwa wasichana walikuwa wa kila rangi na kila umbo. Tuliwaanika juani, tukawapika, wengine tukawarushia paka. Nani angejua wataisha?"

Hilo swali lilinikwama kichwani. Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma kuhusu fulu kwa simu, bando ya wiki ikaisha kwa siku mbili. Kumbe hawa samaki tunaowaona kama chambo tu ni miongoni mwa mifano mikubwa zaidi duniani ya jinsi mageuko yanavyozalisha viumbe wa aina nyingi. Na hawakubaliani hata kidogo na yule jamaa wa kibanda.

Ziwa changa, samaki kibao

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita 68,800 mraba hivi. Sisi Kenya tuna asilimia 6 pekee. Sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Ukilitazama kutoka ufuoni unadhani limekuwepo tangu dunia iumbwe. Sivyo. Watafiti walitoboa tope la chini kabisa ya ziwa wakakuta dalili za udongo uliowahi kuwa nchi kavu, hadi mizizi ya nyasi. Miaka kama 15,000 iliyopita, pale tunapopitisha mashua leo palikuwa pamekauka. Mvua ziliporudi, ziwa likajaa upya.

Ndani ya muda huo mfupi, zikatokea spishi za fulu zinazokadiriwa kufika 500. Karibu zote hazipatikani popote pengine duniani.

Muda mfupi kivipi? Dunia ina umri wa miaka kama bilioni 4.5. Ukiibana historia yote hiyo iwe siku moja ya saa 24, miaka 15,000 haifiki hata sekunde nzima. Inakaribia theluthi ya sekunde. Ukipepesa jicho, fulu wameshatokea. Ziwa Tanganyika na Ziwa Malawi nayo yana samaki wa ukoo huu, unaoitwa sikilidi (ngege pia ni wa kwao), lakini maziwa hayo ni makongwe zaidi. Kwa kasi, Victoria ndilo lenye rekodi.

Hakuna samaki aliyeamua kubadilika

Hapa ndipo wengi wetu tulipotelea shuleni. Tunadhani mnyama anaona shida, anajikaza, anabadilika. Ati twiga alinyoosha shingo hadi ikarefuka, akawarithisha watoto. Haiendi hivyo.

Charles Darwin na mwenzake Alfred Russel Wallace, ambao mawazo yao yalisomwa mbele ya wanasayansi jijini London mwaka wa 1858, walieleza kitu rahisi kuliko hicho. Kwanza, hata watoto wa mama mmoja hawafanani. Pili, baadhi ya tofauti hizo hurithiwa. Tatu, viumbe huzaa watoto wengi kuliko wanaoweza kufikia utu uzima. Ukiziweka hizo tatu pamoja, wale ambao tofauti yao inawasaidia mahali walipo watazaa zaidi, na tofauti hiyo itazidi kuenea kizazi hadi kizazi. Huo ndio uteuzi asilia. Hakuna mkubwa anayepanga foleni wala samaki anayejituma.

Chukua fulu aliyezaliwa mahali penye konokono wengi. Kati ya ndugu zake, yeye amejaliwa taya nzito kidogo. Anaweza kuvunja gamba, wenzake hawawezi. Ananenepa, anazaa. Sasa mhamishe huyo huyo kwenye miamba isiyo na konokono, ambako chakula ni ukijani ulioganda juu ya mawe. Taya nzito haina kazi pale. Anayeshiba ni yule mwenye meno madogo yaliyobanana kama brashi, anayekwangua mwamba.

Nani mwenye nguvu kati ya hao wawili? Swali lenyewe halina maana hadi useme ni wapi. Ule msemo maarufu kwamba wanaofaa zaidi ndio wanaosalimika haukuanza hata na Darwin. Uliletwa na Herbert Spencer mwaka wa 1864, Darwin akauazima baadaye. Na neno ni kufaa. Kiatu kinafaa mguu fulani. Hakuna kiatu kinachofaa miguu yote.

Taya ya pili kooni

Fulu wana siri moja iliyowasaidia sana. Mbali na taya za mdomoni, wana nyingine kooni. Za mdomoni zinakamata chakula, za kooni zinasaga. Kazi ikigawanywa hivyo, mdomo unabaki huru kuchukua umbo lolote bila kuvuruga utafunaji.

Ndiyo maana ziwa lilijaa mafundi wa kila aina. Kuna waliovunja konokono kwa koo, na waliomng'oa konokono kutoka ndani ya gamba lake. Kuna wala wadudu, wala uduvi, wala samaki wenzao, na wanaobandua magamba ya wengine. Halafu kuna ambao nikisoma habari zao niliweka simu chini. Fulu wa kike hulea mayai na watoto wakiwa mdomoni mwake. Sasa kuna spishi ambazo kazi yao ni kumvizia mama huyo, kumlazimisha ateme, na kumeza watoto. Noma.

Fikiria mtaa wenye vibanda vya chipsi ishirini, vyote vinang'ang'ania wateja wale wale. Anayekuja na uji wa asubuhi hahitaji kumshinda mtu yeyote. Amepata pengo. Tofauti ni kwamba mwenye uji aliamua, fulu hakuamua. Yeye alizaliwa na tofauti ikakutana na nafasi. Lakini matokeo yanafanana: ushindani haukubakisha mshindi mmoja. Ulizaa kazi 500.

Macho ya jike

Chakula ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni mapenzi.

Upande wa Tanzania, kwenye visiwa vya mawe, wanaishi fulu wawili ambao ni ndugu wa karibu. Wanasayansi waliupa ukoo wao jina la Kiswahili, Pundamilia, kwa sababu ya mistari yao. Mmoja ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya buluu. Wa pili ni Pundamilia nyererei, dume jekundu, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere.

Yule wa buluu hukaa karibu na uso wa maji, mwekundu hukaa chini zaidi. Kwa nini? Maji ya Victoria humeza mwanga wa buluu mapema, kwa hiyo kule chini unafika mwanga mwekundu zaidi. Macho ya samaki wa chini yamezoea wekundu, na jike wa huko humwona dume mwekundu vizuri. Jike wa juu humwona wa buluu. Kila jike akimchagua anayemwonekana, makundi mawili yanaacha kuzaana ingawa yanaishi mwamba mmoja. Hivyo ndivyo spishi moja inavyoweza kuwa mbili bila ukuta kujengwa katikati.

Mwaka wa 2008 mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha visiwa vyenye maji safi na vile vyenye maji machafu. Palipo na maji safi, wekundu na wa buluu walikuwa wawili dhahiri. Palipo na maji yaliyochafuka, walikuta samaki wa rangi za katikati, ndugu wawili wakiyeyuka kuwa kitu kimoja. Hakuna aliyewaua. Jike alishindwa tu kuona.

Nilisoma hiyo sehemu mara mbili. Spishi inaweza kupotea bila tone la damu, kwa sababu maji yamekuwa na tope.

Mchango wa mito miwili

Lakini ilikuwaje haraka hivyo? Mabadiliko mapya ya jeni hutokea polepole, na miaka 15,000 ni kidogo sana.

Jibu lilipatikana kwenye jeni zenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba mababu wa fulu walitokana na koo mbili za samaki zilizokuwa zimetengana muda mrefu, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Zilikutana zikazaana. Watoto wao walirithi jeni za macho, za rangi na za mataya kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo ziwa lilipojaa, uteuzi asilia haukusubiri kitu kipya kizaliwe. Mchanganyiko ulikuwa tayari, na ziwa lilikuwa tupu lenye kila aina ya makao: miamba, mchanga, matete, kina kirefu.

Unaweza kuuliza: kama kuchanganyika kuliwajenga wakati ule, mbona kuchanganyika kwenye maji machafu kunawabomoa sasa? Kwa sababu wakati ule mchanganyiko ulikutana na makao mengi tofauti, na macho yaliyoweza kuchagua. Leo makao yenyewe yanafanana, kila mahali giza. Tofauti zikikosa pa kufaa, zinafutika.

Mbuta anapoingia

Kisha sisi watu tukaleta mbuta. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, samaki huyu aliingizwa Ziwa Victoria ili kuinua uvuvi. Kwingineko Afrika, mbuta ni mwenyeji tangu zamani, hata kwetu Ziwa Turkana. Hapa alikuwa mgeni. Anaweza kukua hadi karibu mita 2 na kupita kilo 150. Kwa muda alikaa kimya. Katika miaka ya 1980 akalipuka.

Fulu walianza kutoweka kwa mamia. Inakadiriwa kuwa spishi kama 200 zilipotea au zikawa hazionekani tena. Ni mojawapo ya maangamizi makubwa zaidi ya wanyama wenye uti wa mgongo ambayo wanasayansi wameyashuhudia yakitokea machoni pao.

Kusema haki, mbuta alileta pesa. Viwanda vya minofu vilijengwa, samaki wakapelekwa Ulaya, na sisi tukabaki na mgongo wazi, yale mifupa na vichwa yanayokaangwa kando ya barabara. Watu walilipa karo kwa mbuta. Lakini mnyama huyu ana mafuta mengi, hakauki juani kama fulu wa dani, anahitaji kuni za kumkausha kwa moshi. Miti ikakatwa, udongo ukaingia ziwani. Ongeza maji taka ya miji na mbolea ya mashambani, mwani ukastawi, hewa kwenye maji ya chini ikapungua. Baadaye gugumaji likaja kufunika hata sehemu za ufuo.

Sasa jamaa wa kibanda angesema, si ndio hayo? Mbuta mkali, fulu mnyonge, mchezo umeisha. Shida ni kwamba huo haukuwa mchezo wa uteuzi asilia peke yake. Uteuzi unahitaji vizazi. Fulu walikuwa wameishi maelfu ya miaka bila mwindaji wa aina hiyo, halafu wakapewa miaka kumi. Wengi waliisha kabla tofauti yoyote ya kuwasaidia haijapata muda wa kuenea.

Na huyo mwenye nguvu mwenyewe ana mipaka. Fulu walipoisha, mbuta akageukia uduvi, na hata watoto wake mwenyewe. Halafu hawezi kuvumilia maji yenye hewa kidogo kama fulu wengi wanavyoweza. Ndani ya vinamasi vya mafunjo, ambako hewa ni haba, fulu walipata maficho. Ziwa Kanyaboli kule Siaya, lililojitenga nyuma ya kinamasi cha Yala, limebaki kimbilio la fulu pamoja na ngege wa asili ambaye karibu ametoweka kwenye ziwa kubwa. Kwenye matope ya Yala, mkali ni yule mdogo.

Bado wanabadilika

Uvuvi ulipompunguza mbuta katika miaka ya 1990, baadhi ya fulu wakaanza kurudi. Ila hawakurudi vile vile.

Huko Mwanza, watafiti walimpima fulu mmoja, Haplochromis pyrrhocephalus, wakamlinganisha na wale waliohifadhiwa kabla ya mbuta kulipuka. Eneo la mashavu yake ya kupumulia lilikuwa limeongezeka kwa asilimia 64. Kichwa kilikuwa kidogo zaidi, macho madogo zaidi, na misuli fulani ya kutafuna minene zaidi, kwa sababu sasa anakula vitu vikubwa na vigumu. Yote hayo katika muda wa miaka 20 hivi. Watafiti wenyewe ni waangalifu: sehemu ya mabadiliko inaweza kuwa mwili wa kila samaki ukijirekebisha anapokua, sehemu ikawa ya kurithi, na pengine kuzaana kati ya spishi kulichangia.

Hata omena waliokuwa kwenye sahani yetu siku ile wamo kwenye hadithi hii. Siku hizi wanakomaa wakiwa wadogo kuliko zamani. Uvuvi mzito na mbuta vinawamaliza wakubwa, kwa hiyo anayezaa mapema ndiye anayeacha watoto. Wavu wetu nao unachagua.

Lakini usije ukasema basi hakuna shida, wataendelea kuzoea. Kila kinachozoea kinatumia akiba ya tofauti iliyokuwepo. Spishi 200 zikiondoka, zinaondoka na jeni zao za macho, mataya na rangi. Wakati mwingine ziwa likibadilika, na litabadilika, kutakuwa na kidogo zaidi cha kuchagua. Ziwa lililojaa aina nyingi lina majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa bado.

Nilichomwambia jamaa

Nilirudi kwa kibanda. Jamaa alikuwepo. Sikumpa hotuba, nilimweleza tu habari za mvunja konokono na mkwangua mwamba, nikamuuliza nani ni mnyonge. Akafikiria, akacheka. "Inategemea umewaweka wapi," akasema. Nikamwambia hiyo ndiyo biolojia yote ya kidato cha nne.

Sidai kwamba fulu wamenitatulia maisha. Uteuzi asilia haujali mtu, na si kitabu cha kutuambia tuishi vipi. Karo bado haijapatikana. Ila hakuna anayeweza tena kuniambia kwamba sayansi ndiyo iliyonipanga nyuma ya foleni. Sayansi haina hiyo foleni.

Desemba nilimtumia dani kwa simu ya binamu yangu picha ya yule dume mwekundu, Pundamilia nyererei. Nilitaka kujua kama aliwahi kumla. Dani akaitazama kwa muda, binamu anasema hadi taa ya simu ikazima.

"Huyu simjui," akajibu. "Lakini alikuwa na ndugu zake hapa kwetu. Mmoja alikuwa na mkia kama moto. Sijamwona tangu mama yako azaliwe."

Jina lake kwa sayansi silijui, na sina hakika kama kuna mtu aliyewahi kumwandika. Ukienda ocha kando ya ziwa, muulize nyanya yako alikula fulu wa rangi gani, kisha uandike mahali.